Bustani ya Waajemi na Kisima Chetu

Bwana Mhariri aliniambia niandike kurasa mbili tu. Nitajaribu, lakini jambo lenyewe ni refu, na nikizidisha namwomba radhi tangu sasa.

Wasomaji wengi mmekwisha pata habari ya bustani. Kaka zetu waliomaliza masomo hapa wamechanga fedha ili nyuma ya madarasa, upande unaotazama bahari, iwepo bustani ya kupumzikia. Ni wema mkubwa. Mji wetu wa Mocímboa da Praia ulishambuliwa mara ya kwanza Oktoba 2017. Agosti 2020 ukaangukia mikononi mwa wapiganaji, nao wakakaa humo mwaka mzima mpaka majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa Agosti 2021. Sisi tuliorudi shuleni tulikuta majani yamefika kifuani, na popo wamejipangia zamu katika darasa la fizikia. Kwamba mtu aliye mbali, mwenye watoto wake wa kulisha na ada zake za kulipa, ametukumbuka hata akataka tupate mahali pa kukaa jioni kwa utulivu, jambo hilo si dogo, na lolote nitakalosema hapa chini lisisomwe kuwa ni ukosefu wa shukrani.

Walakini mchoro umebandikwa ubaoni wiki tatu sasa, na kila nikiutazama moyo wangu unakataa.

Ni mchoro wa bustani ya Kiajemi, ulionakiliwa kutoka kitabu chenye picha. Ukuta wa mita mbili pande zote nne. Mfereji wa maji wa urefu wa mita 40 na upana wa mita moja unapita katikati; mwingine wa mita 20 unaukata, hata bustani ikawa mafungu manne. Mifereji inapokutana pana hodhi lenye bomba la kurusha maji juu. Kandokando waridi. Tena, ili mfereji mrefu unyoke, inapasa miembe minne na mkwaju mmoja ikatwe, nayo imekwisha tiwa alama ya chokaa.

Sina ugomvi na Waajemi. Nimewapenda tangu nilipoanza kusoma habari zao kwa ajili ya makala haya, na sababu ya kuukataa mchoro wetu nimeipata kwao wenyewe. Bustani zao hazikuzaliwa katika karatasi. Zilizaliwa katika mlima, jangwa, jua na upepo wa kwao, na mtu anayechukua picha akaiacha nchi amechukua kifuu akaacha nazi.

Hebu tuitazame nchi hiyo. Sehemu kubwa ya Uajemi, ambayo leo ni nchi ya Irani, ni uwanda wa juu uliozungukwa na milima. Mvua ni haba. Kwa wastani wa nchi nzima haifiki milimita 250 kwa mwaka, na huko katikati, kwenye jangwa, hupungua sana kuliko hapo. Lakini juu ya milima huanguka theluji, nayo hukaa kama akiba ya ghalani na kuyeyuka pole pole. Basi maji yapo, ila yako mlimani, nao watu wako uwandani, na kati yao pana mwendo mrefu wa jua linalonywa kila tone. Mwajemi wa zamani alifanyaje? Alichimba kisima chini ya mlima mpaka akayafikia maji. Kisha akachimba njia chini ya ardhi, yenye mteremko mdogo sana, mpaka maji yakatoka yenyewe karibu na shamba lake. Kutoka juu alitoboa mashimo mengi, safu moja ndefu, ya kutolea udongo na kuingizia hewa. Njia hiyo huitwa kanati, na wale wenye jamaa Omani watakumbuka falaji, ambayo ni ndugu yake. Hakuna pampu wala mafuta. Tena kanati haiwezi kumpa mtu zaidi ya kile ambacho mlima umetoa, kwa hiyo inamfundisha adabu hata kama hataki.

Sasa tazama umbo la bustani ukiwa na habari hiyo kichwani. Kwa nini mfereji mkuu umenyoka? Kwa sababu maji yaja kutoka upande mmoja tu, ule wa juu, na njia iliyo rahisi ni kuyapitisha katikati na kuyagawa kushoto na kulia. Kwa nini mafungu? Ili kila fungu lipate zamu yake ya kumwagiliwa. Wapo wasemao kwamba mifereji minne ni mfano wa mito minne ya peponi, na sikatai. Lakini nadhani mkulima aliigawa kwanza kwa jembe, wenye hekima wakaieleza baadaye. Kwa nini ukuta mrefu? Kwa sababu nje ya ukuta kuna upepo wa vumbi na mbuzi wenye njaa, na ndani kuna hewa baridi ya miti na maji ambayo hutaka itoroke. Hata neno lenyewe lasema hivyo. Katika lugha ya kale ya nchi ile mahali palipozungushiwa ukuta palikuwa na jina ambalo Wayunani walilichukua wakasema paradeisos, Waarabu firdausi, nasi tukalipokea. Na Mreno akikuambia paraíso anataja ukuta ule ule bila kujua. Neno bustani nalo ni la Kiajemi, maana yake mahali pa harufu nzuri.

Desturi hii ni ya kale mno. Koreshi, yule tumsomaye katika Kitabu cha Ezra kwamba aliwaruhusu Wayahudi warudi kwao, alikuwa na bustani katika mji wake wa Pasargadae katika karne ya 6 kabla ya Kristo. Wachimbaji wa mambo ya kale wameikuta mifereji yake ya mawe yaliyochongwa, na mahali mahali vibirika vidogo vya mraba ambamo maji yalituliza mwendo kabla ya kuendelea.

Lakini lililonishangaza zaidi ni jingine. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliandika bustani tisa za Irani katika orodha ya urithi wa dunia, nami nikazitazama zote tisa nikitaraji kuona mchoro mmoja umerudiwa mara tisa. La, hazifanani!

Ile ya Fin, huko Kashan, iko chini ya kilima chenye chemchemi. Kwa kuwa chemchemi iko juu kuliko bustani, uzito wa maji wenyewe huyasukuma katika mabomba ya udongo na kuyarusha juu. Hakuna mashine hata moja. Ile ya Mahan, karibu na Kerman, iliyojengwa katika karne ya 19, imelazwa kwenye mteremko, urefu wake mita 400 hivi, na maji hushuka ngazi kwa ngazi toka juu hata mlangoni. Katika picha iliyopigwa toka angani ni kama mkeka wa kijani uliotandikwa juu ya mchanga mtupu. Yazd ni tambarare, haina mteremko wa namna ile. Huko, katika bustani ya Dolatabad, wamejenga mnara wa kunasia upepo wenye kimo cha mita 33 hivi. Upepo huteremka ndani yake, hupita juu ya maji, huingia chumbani umepoa. Nchi ilipokataa kuwapa mteremko iliwapa upepo, nao wakaupokea.

Kisha iko Abbasabad, nayo ndiyo naipenda kuliko zote. Iko kaskazini, karibu na Bahari ya Kaspi, nchi ya mvua na misitu mikubwa. Shah Abbas, mfalme ambaye kwa zamani zake bustani ya Fin ilipata umbo lake, alipotaka bustani huku kwenye msitu hakuleta mraba wa jangwani. Alizuia maji bondeni kwa boma, pakawa ziwa katikati ya miti, na ndani ya ziwa akajenga jengo la matofali. Mfalme ni mmoja na mafundi ni wa taifa moja, bustani mbili zisizofanana, kwa sababu nchi ni mbili.

Kama Mwajemi mwenyewe, akihama toka Kashan kwenda Kaspi, alibadili mchoro, sisi ni nani tuuchukue mzima mzima tukaushushe juu ya mchanga wa Mocímboa?

Yuko aliyejaribu, akapata taabu. Babur, aliyeanzisha ufalme wa Wamoguli huko Bara Hindi mwaka 1526, alikuwa mpenzi mkubwa wa bustani za namna hii. Alipofika Agra alitafuta mahali pa kupanda, akaona ardhi ni tambarare na hakuna maji yanayotiririka. Alinung'unika sana katika kitabu cha maisha yake, kisha akalazimika kuyapandisha maji toka visimani kwa magurudumu. Watu wa baada yake walipofika Kashmir, penye milima na vijito, ndipo bustani zao ziliposhuka ngazi kwa ngazi mpaka ziwani bila kunung'unika.

Karibu yetu zaidi iko Unguja. Sayyid Said alipotaka jumba la shamba, kati ya mwaka 1828 na 1832, alilijenga Mtoni, na jina lenyewe linakuambia kwa nini. Binti yake Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844 na baadaye akaitwa Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 jinsi kijito kilivyopita ndani ya jumba na kuyajaza mabirika kabla ya kuingia baharini. Kijito kilikuwapo kwanza, jumba likakifuata. Sayyid Said alikuwa pia na mke wa Kiajemi, mjukuu wa mfalme wa huko, na inasemwa mwaka 1850 alimjengea hamamu Kidichi, mahali pa juu penye mashamba. Mafundi walipamba plasta ya ndani kwa maua na ndege wa mtindo wa kwao Uajemi. Uajemi ukabaki ndani, kwenye kuta na makuba. Nje yake palikuwa na mikarafuu na minazi, kwa kuwa ndiyo iliyokubali kuota.

Na Kilwa je, ambako jahazi la kwetu hufika bila kupita Unguja? Masimulizi ya Kilwa yanasema wafalme wake wa kwanza walitoka Shirazi, mji unaosifiwa kwa bustani. Sijui kama kweli damu ilitoka huko yote, na wataalamu wa siku hizi wanalipunguza jambo hilo sana. Lakini jumba la Husuni Kubwa lipo, watu huenda kulitazama. Lilijengwa katika karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimtembelea mwaka 1331. Lina hodhi la pembe nane lililo wazi juu. Limejengwa kwa mawe ya matumbawe, juu ya genge, likiangalia bahari, maana huko ndiko ulikotoka utajiri wa Kilwa na ndiko ulikotoka upepo wa kumpoza Sultani. Hakuipa bahari kisogo.

Mchoro wetu unaipa bahari kisogo, tena kwa ukuta wa mita mbili.

Basi turudi nyumbani. Nchi yetu inasema nini? Hatuna mlima wenye theluji. Tunayo mvua, na kwa miezi ya Desemba mpaka Aprili tunayo hata ya kuchukiza, baadaye hukatika. Chini ya mchanga wetu maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ya chumvi ni mazito zaidi. Mvua huyaongeza, kiangazi huyapunguza. Ukiteka kwa adabu utapata matamu. Ukiteka kwa pupa, ya chumvi hupanda kutoka chini kuijaza nafasi, na yakikwisha panda hayashuki upesi. Kila aliyelala bweni letu anajua kwamba ifikapo Oktoba chai ya asubuhi huhitaji sukari zaidi ili kuificha chumvi. Hii ni kwa kuteka kwa ndoo tu. Sasa mchoro unataka pampu itie maji katika mifereji na kuyarusha juu mchana kutwa kutoka kisima hicho hicho.

Nilitaka kujua hesabu yake. Mwezi wa Septemba nililiweka karai la maji juani nyuma ya jiko kwa siku saba, nikapima kila jioni kwa rula. (Siku ya tano kuku wa mpishi waliyanywa, ikabidi nianze upya na wavu juu.) Kwa siku saba maji yalishuka sentimeta 4. Mifereji ile miwili ni eneo la mita za mraba 60 hivi. Basi kila wiki jua litakunywa lita 2,400, yaani ndoo 120 za lita 20, kabla hatujamwagilia waridi hata moja, wala sijahesabu yale yatakayopeperushwa na upepo kutoka kwenye bomba. Mfereji wa Mahan nao hunywewa na jua, naam, lakini mlima hurudisha. Nani atarudisha kwetu? Atarudisha mvulana wa darasa la nane mwenye ndoo kichwani.

Ukuta nao ni vivyo hivyo. Huko Yazd upepo wa nje ni adui. Hapa kwetu, Januari, saa nane ya mchana, upepo wa baharini ndio rafiki pekee aliyebaki. Zungusha ukuta, utakuwa na tanuri ya kuokea mkate. Wengine wamesema ukuta utatulinda. Naona haya kulijibu neno hilo, kwa kuwa nalielewa mno. Lakini waliokuja mwaka 2020 hawakuzuiwa na kuta, na mji ulikuwa na kuta nyingi.

Kuhusu waridi sitasema mengi. Chumvi inayokuja na upepo wa kusi itamaliza habari yao kwa msimu mmoja.

Hapo nilipofika nilidhani nimeshinda, nikampelekea rafiki yangu makala haya ayasome. Ni kijana mwenzangu wa darasa moja, na hapendi maneno mengi. Alisoma mpaka mwisho, akanirudishia, akaniambia: "Ndugu yangu, wewe umepima maji. Mimi sikupima kitu. Mimi nilikaa msituni siku nane na wadogo zangu wawili, na mpaka leo nikisikia mlango umebamizwa nageuka. Nataka mahali ambapo ukiingia huoni nje, na maji yanalia, ili nisisikie kitu kingine. Huo mchoro mimi nauona ni hivyo tu."

Sikuwa na jibu siku ile, na ningekuwa mwongo kama ningelificha neno lake ili makala yangu yapendeze. Kwa sababu amesema kweli kuhusu Waajemi kuliko vitabu vyangu vyote. Bustani yao ni mahali pa kuiacha nchi kali nje ya mlango, na sisi, kama watu wowote, tunayo nchi kali ya kuiacha nje.

Nililifikiri jambo hilo siku nyingi, nikakumbuka siku tuliporudi nyumbani, mwaka 2022. Nyumba yetu haikuwa na bati. Milango imechukuliwa, na ukutani pameandikwa mambo ambayo baba aliyafuta kabla hatujayasoma. Lakini mwembe wa uani ulikuwapo, na mkomamanga wa bibi, uliounguzwa mpaka kwenye shina, ulikuwa umetoa machipukizi manne. Mama hakuingia ndani. Aliweka mzigo chini, akaketi chini ya mwembe, akafungua kitambaa, akatupa sisi mihogo ya kuchemsha, tukala kana kwamba tumetoka kisimani tu. Aliketi hapo labda saa nzima. Nikawaza sasa: kama mtu mwema angalikuja kabla yetu akaukata mwembe ule, akajenga mahali pake birika zuri la vigae, mama angaliketi wapi?

Miembe ya shule ni hivyo hivyo. Mabati yalipokuwa bado hayajarudi, madarasa mawili yalifundishwa chini yake. Mimi nilijifunza logarithimu huku maua ya mwembe yakiniangukia katika daftari. Mkwaju ule hakuna ajuaye aliyeupanda. Kaka zetu mnaosoma gazeti hili mnaukumbuka. Najua wapo miongoni mwenu waliochapwa kwa kuupanda.

Basi hili ndilo ombi langu, nanyi mlipime.

Miembe minne na mkwaju ibaki, na bustani ianze nayo badala ya kuanza na mstari wa rula. Chini yake yajengwe mabaraza ya mawe na chokaa, yanayoelekeana, kama yale ya nyumba za zamani za mwambao. Upande wa kusini, unakotoka upepo mkali wenye chumvi, ipandwe safu ya mivinje, ambayo haiogopi chumvi. Upande wa bahari uachwe wazi, ili tuone mashua zikiingia bandarini wakati wa maji kujaa na watu wakitembea ufukweni wakati wa maji kupwa. Mikoko iliyo kule chini isiguswe. Nimesikia kuna mtu amependekeza ikatwe kidogo "ili bahari ionekane vizuri." Kimbunga Kenneth kilipopiga mwambao wa Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, kila mtu wa pwani alikumbushwa kazi ya mikoko, nayo ni kuyavunja mawimbi yasije na nguvu zote. Maua yawepo, sikatai, ila yawe asumini, rehani, mlangilangi na mkadi, ambayo mama zetu huyapanda bila mchoro na ambayo kwa harufu yanalistahili neno bustani kuliko waridi linalokufa. Tena wangeulizwa wao kwanza. Wanawake wa Kimwani wanaojua ni mti gani wa kusaga kwa msiro wa usoni, na unakoota, wanaijua ardhi hii kuliko kamati yetu.

Fedha zitakazobaki kwa kutojenga ukuta na mifereji zitumike kwa mabomba ya kukinga maji ya paa na tangi kubwa. Bati la jengo la madarasa ni mita 30 kwa 8. Mvua ikinyesha milimita 100 tu, bati hilo linapokea lita 24,000, yaani ndoo 1,200, na sasa hivi zote zinamwagika mchangani na kuchimba makorongo mbele ya mlango wa walimu. Hilo bati ndilo mlima wetu, na tangi ndilo theluji yetu.

Na kwa rafiki yangu: chini ya mkwaju, mahali penye kivuli kizito ambapo jua halitakunywa sana, pajengwe hodhi moja dogo, mita moja kwa mita moja, na kutoka tangini maji yaje kwa mrija mwembamba yakidondoka ndani yake jioni tu. Nyuma yake ujengwe ukuta mmoja, mfupi, wa kuegemea mgongo, kwa mtu asiyetaka kuona nje. Nilimweleza. Akauliza kama maji yakidondoka hivyo yatasikika. Tulikwenda pamoja na kopo lenye tundu na lile karai langu, tukatundika kopo kwenye tawi la mkwaju, tukaketi. Yalisikika. Hakusema kwamba nimeshinda, wala mimi sikumwuliza, lakini tulikaa mpaka kopo likaisha, kisha akaenda kulijaza tena.

Mkutano wa kamati pamoja na kaka zetu utafanyika Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya chakula cha mchana, chini ya miembe hiyo hiyo yenye chokaa, kwa kuwa ndani ya ukumbi ni joto mno. Nitakuja na karai, rula na daftari la hesabu. Atakayeona nimekosea hesabu aje na kalamu.

Mwanafunzi, Darasa la 12